Vioo vya Ulaya kwenye Gari la Daforoza

Vijana wangu, ninyi mnaofungua boneti kila siku na ninyi mnaofikiria kuanza, leo nataka kuwaambia habari za taa za mbele. Injini ikiharibika, gari linasimama na mwenyewe anatukana. Breki zikilegea, mguu unajua mapema. Lakini taa zikifungwa vibaya, mwenye gari anafurahi. Anaona vizuri, anakushukuru, anakuletea maandazi. Anayelijua kosa lako ni mtu anayekuja kutoka mbele, na huyo hana namba yako ya simu. Ndiyo maana katika miaka yangu yote ya gereji hakuna kazi niliyoiogopa kama taa. Mpaka leo nimestaafu, nikiwa nimekaa kwenye kibaraza changu hapa Auburn, Sydney, nikiona gari la zamani lenye taa mpya linapita, nainuka nitazame mwanga wake unaishia wapi.

Sikusoma sana. Niliacha shule darasa la sita, kule kambini Kigoma, mama alipomfuata baba kaburini. Nilikuwa na wadogo watatu, na wa mwisho, Daforoza, alikuwa bado anabebwa mgongoni. Fundi Hamisi, aliyekuwa na banda la magari barabarani nje ya kambi, alinichukua nioshe plagi. Kila alfajiri kabla sijaondoka niliwagusa wadogo zangu mmoja mmoja nisikie wanapumua. Hofu ile haikuniisha. Tulipohamishiwa Sydney, sote watu wazima, kila mmoja akapata nyumba yake, nikaweka sheria: hakuna kutoka nyumbani asubuhi bila kunipigia. Maneno mawili yanatosha, "Kaka, tumeamka." Watu wananicheka. Wacheke.

Sasa turudi kwenye taa. Magari ya zamani yenye taa za duara yalikuja na taa ambazo kioo, kikombe cha ndani na waya wa kuwaka vimefungwa pamoja kama soda kwenye chupa. Ikiungua unatupa yote. Mwanga wake ni wa njano, unamwagika ovyo kila upande, na kwenye barabara ya mashambani unaendesha kwa imani. Dawa yake ni taa za kioo za mtindo wa Ulaya. Zinaingia kwenye tundu lile lile. Kioo chake ni kizito, kina mistari iliyochongwa, na nyuma unaingiza glopu unayoweza kuibadilisha peke yake. Ukiwasha dimu, yaani mwanga wa chini, mwanga unakatika sawasawa: chini ya mstari kumejaa mwanga, juu ya mstari ni giza. Upande wa kushoto mstari unapanda kidogo ili uone anayetembea kando ya barabara.

Kwa nini kushoto? Kwa sababu hapa tunaendesha kushoto. Kwetu Burundi wanaendesha kulia, na kioo kilichotengenezwa kwa nchi za kulia kitapandisha mwanga usoni mwa anayekuja. Kabla hujafunga, tazama chini ya kioo utafute kishale. Ukisimama mbele ya taa, kishale cha kwetu huku kinaelekea mkono wako wa kulia. Kama hakuna kishale kabisa, rudisha kioo dukani, hata kama muuzaji ni shemeji yako.

Na usishike glopu kwa vidole, mafuta yake huipasua. Mimi niliwahi kuishika nikiwa nimetoka kula samosa. Ikawaka siku tatu, ya nne ikapasuka. Mwajiri wangu, Abu Samir, Mlebanoni mwenye gereji niliyofanyia kazi hapa Auburn, aliinusa akasema, "Hii ni ya nyama."

Abu Samir alinifundisha mengi kuliko vitabu ambavyo sikuvisoma. Alinifundisha rilei, kile kiboksi kidogo kinachobeba umeme badala ya swichi. Swichi ya gari la zamani imezoea umeme kidogo. Ukiilazimisha ibebe taa za nguvu, inapata moto ndani ya dashibodi, inayeyuka, na taa zote mbili zinazimika kwa mpigo mmoja ukiwa kwenye kona. Kwa hiyo unavuta waya mnene kutoka kwenye betri, unaweka fyuzi, unaweka rilei, na ile swichi ya zamani inabaki kutoa amri tu. Halafu unapima umeme kwa mita. "Usiniambie zinawaka," alikuwa akisema. "Niambie mita inasema nini kwenye betri na inasema nini kwenye taa."

Na alinifundisha Bosi. Bosi ulikuwa mfuko wa mchanga, uzito wa mwanamume mzima, umefungwa ndani ya ovaroli kuukuu. Ulikaa pembeni karibu na birika la chai. Gari likija kupangwa taa, kwanza unajaza upepo matairi yote, unalisimamisha mahali tambarare, mita kumi kutoka ukutani, kisha unambeba Bosi unamkalisha kwenye kiti cha dereva. Gari tupu na gari lenye mtu hayainami sawa. Ukutani unabandika utepe kwenye kimo cha taa, halafu unazungusha skrubu mpaka ule mstari wa mwanga ukae chini ya utepe kwa upana wa kiganja. Si juu ya hapo. Kuna siku nilisahau kumkalisha. Abu Samir hakupiga kelele. Aliniambia nikae mwenyewe kwenye kiti, nisiseme neno, saa nzima ya chakula. Kila aliyepita alinisalimia, "Habari za leo, Bosi?" Sikusahau tena.

Na hilo ndilo lililoniponza. Nilijiona nimehitimu.

Daforoza alikuwa akiishi Penrith, magharibi kabisa, na alifanya kazi ya kuwatunza wazee kwenye nyumba moja iliyoko mashambani, kaskazini zaidi. Shifti ilianza saa kumi na mbili asubuhi. Treni haifiki huko. Kutoka kwake ni barabara nyembamba, haina taa, upande huu nyaya za mashamba ya farasi, upande ule miti, na malori ya mchanga yanakuja kwa kasi tangu alfajiri. Wakati wa baridi giza ni totoro mpaka karibu saa moja. Gari lake lilikuwa stesheni wagon ya zamani, kubwa, springi za nyuma zimechoka, aliyoachiwa na mzee mmoja wa kanisani kwao aliporudi kwao.

Miezi mizima nilikuwa nikingoja simu yake ya alfajiri, kisha nikingoja tena ujumbe wa kusema amefika. Kati ya hizo mbili sikuweza kumeza chai. Katika mawazo nilimwona akimgonga kangaruu gizani. Nilimwona kwenye mfereji wa kando ya barabara. Siku moja akaniambia, "Kaka, zile taa ni kama mishumaa miwili ya kanisani. Naendesha kwa kukariri." Sikulala. Jumamosi ile ile nikamwita gereji.

Nilifanya kazi safi, naapa. Vioo vya Ulaya, vishale nimevikagua mara mbili. Waya mpya, rilei mbili, kila kiungo nimekichomelea kwa risasi. Mita ikasema vizuri. Nikambeba Bosi nikamkalisha, nikapanga mwanga kwa kiganja changu mwenyewe ukutani. Abu Samir akaja akatazama, akasema, "Hiyo unaweza kumpelekea rais."

Kisha, kama nilivyofanya kila Jumamosi, nikaenda duka la jirani nikachukua magunia mawili ya unga wa muhogo kwa ajili ya Warundi wenzetu wa Penrith, nikayapakia kwenye buti la Daforoza. Nikafunga mlango wa nyuma kwa kuusukuma na bega. Akaondoka mchana kweupe akipunga mkono.

Jumatatu alfajiri, alipofika kazini, akapiga. "Kaka! Ni mwanga wa ajabu! Naona hata wale wanyama wa mitini, wale wenye macho makubwa, wananikodolea kutoka juu kwenye matawi!" Nikacheka kwa fahari. Nikanywa chai yangu yote. Nawaomba mrudie sentensi hiyo polepole. Mtu anaendesha na dimu, anaona wanyama juu ya matawi. Fundi wa miaka hiyo yote nikacheka.

Alhamisi akapiga saa kumi na moja kamili.

"Kaka, tumeamka. Tunatoka sasa hivi."

"Tunatoka, wewe na nani?"

"Mimi na akina Mama Divine wa kazini, wote wanne kama kawaida. Leo nimemwambia Mama Divine akae katikati maana ndiye mzito." Nikasikia nyuma yake mwanamke akisema, "Mzito ni mama yako!" na wengine wakicheka. Daforoza akaendelea, "Halafu Kaka, nilisahau kukwambia. Madereva wa huku siku hizi wamekuwa na adabu. Wiki hii yote wananisalimia kwa taa! Kila lori, kila gari. Kama nyumbani kabisa."

"Wanakusalimia vipi?"

"Wananiwashia taa, paa, paa. Na mimi nawajibu. Napiga fuli, mwanga wote wa juu. Haya, kwa heri, Mungu akulinde."

Akakata.

Nyumbani, dereva akikuwashia taa anakusalimia, au anakuambia polisi wako mbele. Huku, kila gari likikuwashia, ni jambo moja tu: unawapofusha. Na mdogo wangu, kwa adabu aliyofundishwa, alikuwa akiwajibu kwa kuwatupia fuli juu yake.

Nilisimama jikoni nimeshika simu. Kila kitu kikaja kwa mpigo. Wanawake watatu kiti cha nyuma. Mmoja mbele. Magunia mawili kwenye buti, ambayo niliyapakia mwenyewe na wenyewe huyafuata Ijumaa. Springi zimechoka. Nyuma ya gari imekaa chini, pua imeangalia juu, na ule mstari mkali nilioupanga kwa kiganja unapita kwenye vioo vya mbele vya kila anayekuja. Zile taa za zamani zingepanda vilevile, ila zilikuwa dhaifu, hazikumdhuru mtu. Mimi ndiye niliyezipa nguvu. Na nilizipanga kwa Bosi. Bosi alikuwa dereva wa Kizungu: anatoka nyumbani peke yake, kiti cha nyuma kitupu, buti tupu. Ni lini nimewahi kuona gari la Mrundi likitembea hivyo?

Nikampigia. Simu ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Nilimfundisha mwenyewe: ukiendesha, simu iwe kwenye mkoba, mkoba uwe kwenye buti. Ananitii tangu akiwa mtoto.

Nikachukua bisibisi, utepe na funguo za gari langu. Kutoka Auburn mpaka Penrith barabara kuu ilikuwa karibu tupu, na bado niliona inarefuka. Nilikuwa nikisema kwa sauti, "Asikutane na lori. Asikutane na lori kwenye kona." Gari lolote lililokuja upande wa pili na taa zinazonichoma kidogo, nilisema ndivyo anavyoonekana mdogo wangu sasa hivi, na yule dereva anafumba macho. Nilimtafuta mama katika maombi yangu nimwombe radhi mapema, nikashindwa kupata la kumwambia.

Nilipopita Penrith na kuingia ile barabara ya mashamba, kulikuwa bado giza na ukungu umelala mabondeni. Nikaenda kama dakika kumi. Kisha, mbele, nikaona taa za dharura zinawaka na kuzima, za rangi ya machungwa, na nikasikia sauti ikitoka kooni mwangu ambayo sikuikusudia.

Stesheni wagon ilikuwa imesimama mbele ya lango la shamba, nzima. Ng'ambo, pembeni mwa barabara, gari dogo jeupe lilikuwa limeingia kwenye majani, pua yake kwenye waya wa uzio, nguzo moja imelala. Sikumbuki kuzima injini. Nilikimbia nikitaja majina.

"Kaka, niko hapa!" Daforoza alitoka gizani, blanketi mkononi. "Sote tuko salama. Usikimbie, una presha!"

"Kwa nini hukunipigia?"

"Mama Divine alitaka kukupigia kwa simu yake, nikamkataza. Nilijua utakuja unakimbia hivi hivi."

"Na kwenye hilo gari jeupe?"

Akanionyesha. Mwanamke wa Kizungu wa rika langu, viatu vya mpira mpaka magotini, alikuwa ameketi kwenye ngazi ya lango. Alikuwa njiani kwenda kuwalisha farasi wake. Damu kidogo kwenye nyusi. Mikono yake miwili aliiweka mapajani, akaitazama kana kwamba si yake. Hofu ile naijua. Njia nzima nilikuwa nimemwogopea mdogo wangu. Huyu sikumfikiria hata mara moja.

"Pole sana, mama," nikamwambia kwa Kiingereza changu cha gereji.

"Sikuona kitu," akasema. "Niliona weupe tu. Nikawasha taa kumwonya, naye akanimwagia zaidi! Nikaiacha barabara kwa sababu sikujua iko wapi." Kisha akatukana, matusi ambayo Abu Samir hutumia nati ikikatika, na nikafarijika kidogo, maana mtu anayetukana hivyo ana nguvu.

Daforoza akaninong'oneza kwa Kirundi, haraka, "Kaka, usiseme chochote. Sema zilikuwa hivyo tangu zamani. Watakunyang'anya leseni ya kazi."

Niliogopa hilo pia. Ningekuwa mwongo kusema sikuogopa. Kazi ile ndiyo iliyotuvusha sote. Lakini yule mama alikuwa bado anaitazama mikono yake.

"Taa hizo nilizifunga mimi," nikamwambia. "Mimi ni fundi, na huyu ni mdogo wangu. Nilizipanga gari likiwa tupu. Kosa ni langu, si lake."

Akafuta ile damu kwa kiganja. "Jirani yangu anakuja na trekta kunitoa," akasema. "Nusu saa hivi. Je, unaweza kuzitengeneza sasa hivi, hapa hapa?"

"Naweza. Lakini hapa hakuna ukuta."

"Mimi nitakuwa ukuta," akasema, akasimama. Daforoza alitaka kumshika mkono, akakataa.

Mama Divine na wenzake walikuwa wameshuka, wanapiga miguu chini kwa baridi na kulalamika kwamba wazee wanawangoja kazini kuoshwa. Nikawaambia warudi ndani, kila mtu mahali pake alipokuwa.

"Na mimi katikati tena?" Mama Divine akauliza.

"Wewe hasa, katikati."

Wakajipanga. Gari likakaa chini nyuma, likanyanyua pua, na nililiona mwenyewe, wazi, jinsi lilivyonyanyua. Daforoza akashika usukani. Magunia yalikuwa bado kwenye buti. Yule mama akatembea kando ya barabara, hatua kama hamsini, akageuka akatutazama mahali ambapo uso wa dereva anayekuja ungekuwa. Nikamwambia Daforoza awashe dimu. Mwanga ukamgonga usoni, akajikinga kwa mkono wote. Hata lile blanketi la Daforoza alilojifunika lilikuwa jeupe pe.

Nikapiga magoti kwenye changarawe, nikatoa ukingo wa taa ya kulia. Skrubu ya juu ndiyo ya kushusha. Nilipumua mara tatu kama Fundi Hamisi alivyokuwa akiniambia nipumue. Nusu mzunguko.

"Bado!" akapaza sauti.

Nusu nyingine.

"Bado. Bado unanichoma."

Nikazungusha tena, nikahamia taa ya kushoto, nikazungusha, nikarudi ya kulia. Niliuona mstari ukishuka juu yake taratibu: paji la uso likaingia gizani, kisha macho, kisha kidevu. Nikaendelea mpaka ukakaa kiunoni. Akashusha mkono. Nami nikabaki nimepiga magoti, bisibisi imesimama, nikimngoja.

Akaanza kuja polepole, akitembea ndani ya mwanga, uso wake gizani, akiangalia moja kwa moja kwenye kioo cha mbele cha gari. Akafika, akaweka mkono kwenye boneti. Akawatazama wote waliokuwa wamebanana mle ndani na sare zao za kazi, nao wakamtazama.

"Kwa mwanga ule nilidhani ni lori," akasema. "Kumbe ni ninyi."